Kamera ya rivasi imegoma: utengeneze iliyopo au uweke mpya?

Umeingiza rivasi, skrini imegeuka bluu na picha hakuna. Au picha ipo ila inachezacheza, au ina ukungu mpaka huwezi kujua kama nyuma kuna ukuta au mtoto. Wazo la kwanza la wengi ni "kamera imekufa, ninunue nyingine", na fundi naye mara nyingi atasema hivyo hivyo kwa sababu kubadilisha ni haraka kuliko kutafuta tatizo. Mimi nimeshashughulika na kamera hizi kwenye magari yangu na ya ndugu na majirani, na ninachokutana nacho mara nyingi ni kamera nzima kabisa yenye waya mbovu. Ndo maana nataka tulinganishe njia zote kabla hujatoa hela, maana kila njia ina mahali pake na ukichagua vibaya utanunua kamera mpya, utaifunga, halafu utaingiza rivasi na kuikuta bluu ile ile.

Tahadhari kwanza kabla ya yote. Kazi hii utaifanya gari likiwa kwenye rivasi mara nyingi, kwa hiyo injini izimwe, swichi iwe ON tu, hendibreki ivutwe, na uweke vizuizi kwenye matairi. Mtu asisimame nyuma ya gari kukuangalizia eti taa imewaka au la. Ukiwa peke yako, egesha simu nyuma irekodi video, halafu njoo uiangalie.

Skrini yako inasemaje

Watu wanasema tu "kamera haifanyi kazi", lakini kuna tofauti kubwa sana kati ya skrini ambayo haibadiliki kabisa na skrini inayobadilika ikawa bluu. Kama unaingiza rivasi na redio inaendelea na mambo yake, yaani haijui kabisa kwamba umeingiza rivasi, basi hapo usiiguse kamera kwanza. Redio ya skrini ina waya wake unaoipa taarifa ya rivasi, mara nyingi umeandikwa BACK au REVERSE, na unatakiwa upate volti 12 pale taa ya rivasi inapowaka. Kwenye kamera nyingi za kununua dukani, ule waya mwembamba mwekundu unaotokeza pembeni ya plagi ya njano ya waya wa picha ndo unaobeba hiyo taarifa kutoka nyuma kwenda mbele, na watu wengi wanausahau au wanaufunga kwa tepu tu ukachomoka baadaye.

Skrini ikibadilika ikawa bluu au ikaandika hakuna ishara, redio imepata taarifa ila picha haijafika, kwa hiyo shida ni moto wa kamera, waya wa picha au kamera yenyewe. Picha yenye mistari inayotembea mara nyingi ni waya hasi uliolegea au wenye kutu. Picha inayowaka na kuzima kwa haraka, hasa kwenye magari ambayo kompyuta inaendesha taa, ni moto usiotulia. Picha iliyopinduka juu chini au kulia kushoto sio ubovu kabisa, ni mpangilio: kamera nyingi zina vitanzi viwili vya waya mdogo, mara nyingi kijani na cheupe, ukikata kimoja picha inageuka na ukikata kingine mistari ya kuegeshea inaondoka. Soma karatasi ya kamera yako kabla ya kukata maana rangi hazifanani kwa kila mtengenezaji.

Na kabla ya yote hayo, angalia taa zenyewe za rivasi. Zikiwa zote mbili haziwaki na kamera haiwaki, basi angalia fyuzi, na kama fyuzi ni nzima angalia swichi ya rivasi kwenye gia boksi. Kamera haihusiki hapo hata kidogo.

Kupima: mita au testa ya balbu?

Hapa ndo watu wanapotea hata wale wenye vifaa. Mita ya kidijitali inakupa namba, ukiweka kwenye waya wa moto wa kamera ukaona 12.4 unafurahi, unasema moto upo, kwa hiyo kamera imekufa. Sasa shida ni kwamba mita haivuti umeme wowote wa maana. Waya wenye nyuzi ishirini ukikatika ukabaki uzi mmoja, mita bado itasoma 12, lakini ukiwekea mzigo huo uzi mmoja unaweza kushindwa. Testa ya balbu, ile yenye mpini na ncha kali na klipu ya kubana kwenye bodi, yenyewe inavuta umeme kidogo ili balbu iwake, kwa hiyo waya uliochoka sana mara nyingi utauona, balbu inafifia au haiwaki.

Kwa hiyo kwa kamera za kawaida zinazochukua moto kwenye taa ya rivasi, mimi naanza na testa ya balbu halafu mita baadaye. Lakini kwa kamera iliyokuja na gari kiwandani ni kinyume chake, usiguse na testa ya balbu, tumia mita tu, kwa sababu moto wake mara nyingi unatoka kwenye redio au kompyuta ya gari na sio kwenye taa, na mzigo wa balbu unaweza kuunguza saketi ya ndani. Tena nyingi za kiwandani hazitumii volti 12, unaweza kukuta takriban 6, kwa hiyo ukipima ukakuta 6 usidhani moto umepungua, na usije ukachukua waya wa volti 12 ukaupeleka kwenye kamera hiyo. Utaiua hapo hapo.

Mita inashinda moja kwa moja kwenye kupima waya hasi. Kamera ikiwa imewaka, weka ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye hasi ya kamera (waya wa mita hautafika, ongezea waya wowote mrefu). Ukisoma chini ya volti 0.2 waya hasi uko vizuri. Ukisoma nusu volti kwenda juu, hapo pana kutu au skrubu imelegea, na hiyo mistari ya kwenye picha umeshapata chanzo chake.

Kuna kipimo cha tatu ambacho hakihitaji kifaa. Kama kamera yako ina vitaa vidogo vya infraredi kuzunguka lenzi, subiri giza, ingiza rivasi, piga picha kamera kwa kamera ya mbele ya simu. Ukiona vitaa vina mng'ao wa zambarau, kamera inapata moto. Kamera za nyuma za simu nyingi zinachuja huo mwanga ndo maana nasema tumia ya mbele.

Waya uliokatika kwenye bawaba ya buti

Nilishawahi kubadilisha kamera nzima kwenye gari langu kwa sababu niliambiwa imeungua. Mpya ikafungwa, ikaonyesha picha siku tatu, ikazima. Nikagundua kwamba nikifungua buti nusu picha inarudi na nikilifunga inapotea. Nikachomoa ule mpira mweusi wenye mikunjo unaounganisha bodi na mlango wa nyuma, nikauvuta nyuma taratibu, ndani nikakuta waya mwekundu wa moto wa kamera umepasuka ganda lake pande zote, shaba imegeuka kijani, na nyuzi mbili tatu tu ndo zimeshikilia. Pembeni yake waya wa taa ya namba nao ulikuwa njiani kukatika. Ile kamera ya zamani niliipima kwenye betri mezani baadaye na ilikuwa nzima kabisa.

Kwa hiyo kama gari lako lina mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu, anzia kwenye huo mpira. Kila ukifungua na kufunga waya unakunjwa pale pale, miaka ikipita unakatika.

Sasa ukiukuta umekatika una njia tatu. Kusokota na kufunga tepu ni haraka na ni mbaya zaidi, tepu inaachia kwa joto, maji yanaingia, na baada ya muda mfupi uko pale pale. Kupiga solda kunaunganisha vizuri sana umeme, ila solda inapanda ndani ya nyuzi na kuufanya waya uwe mgumu kama msumari, halafu unakatika tena pembeni kidogo ya ulipounganisha kwa sababu pale panakunjwa. Vibano vya shaba vya kubana kwa koleo lake, vikifunikwa na mpira unaosinyaa kwa moto wenye gundi ndani, vinavumilia mtikisiko vizuri zaidi, ila ukibana kwa koleo la kawaida vinachomoka.

Mimi ninachochagua sio solda wala vibano pale kwenye mkunjo, ninachochagua ni kutoweka kiungo chochote pale. Kata sehemu yote iliyochoka, weka kipande kipya cha waya laini wenye nyuzi nyingi nyembamba, kirefu kiasi kwamba viungo vyote viwili vinaangukia nje ya mpira, kimoja ndani ya bodi na kingine ndani ya mlango ambako hakuna kukunjwa. Hapo hata solda inakaa miaka. Na usikate waya zote mahali pamoja, zipishanishe, la sivyo utapata fundo nene ambalo halirudi ndani ya mpira na viungo vinaweza kugusana na kupiga shoti.

Waya wa picha ni habari nyingine. Huo una waya wa katikati umezungukwa na wavu, na ukiuunganisha ovyo unaleta kelele kwenye picha. Unaweza kuutengeneza, lakini hapa nasema wazi, kati ya kuunganisha waya wa picha na kupitisha waya mpya mzima, pitisha mpya. Kabla hujapitisha, chukua huo mpya uutandaze tu juu ya viti kutoka mbele hadi nyuma ujaribu. Picha ikija, wa zamani ndo mbovu. Isipokuja, umejiepusha na nusu siku ya kufungua plastiki bure.

Maji na ukungu kwenye lenzi

Ukungu una aina mbili na watu wanazichanganya. Wa nje ni plastiki ya lenzi iliyochomwa na jua, unauhisi kwa kidole una ukwaru, na haubadiliki asubuhi wala mchana. Wa ndani unakuja asubuhi au baada ya kuosha gari na unapungua jua likiwaka, wakati mwingine unaona hata tone.

Wa nje, safisha kwanza kwa maji ya sabuni na kitambaa laini maana mara nyingi ni uchafu tu. Ikibaki, kama lenzi ni ya plastiki unaweza kuing'arisha kwa dawa ile ya kusafishia taa za mbele, kidogo kidogo. Kama ni ya kioo chenye utando maalumu usiisugue, utauondoa huo utando na picha itakuwa mbaya kuliko mwanzo. Wengi wanapendekeza dawa ya meno, inasaidia kwa plastiki iliyochoka ila inaacha mikwaruzo midogo, na ukiendesha usiku taa za gari la nyuma zinatawanyika kwenye picha nzima.

Wa ndani ni ngumu. Unaweza kufungua kamera yenye skrubu, kuikausha kwenye boksi lenye vipakiti vya kunyonya unyevu siku mbili, ukabadilisha mpira wake na kupaka silikoni. Nimefanya, na kwa kamera moja ilikaa vizuri. Lakini kamera nyingi zimemiminiwa gundi ngumu, ukilazimisha unavunja, na kama maji yameshafika kwenye saketi ukaona kutu ya kijani, hata ukikausha itarudi kusumbua. Hapa kati ya kutengeneza na kununua, nunua.

Kama ni kununua, ipi?

Ya kiwandani inaingia kwenye tundu lake bila kuchonga chochote, plagi inalingana, na mistari inayogeuka na usukani inaendelea kufanya kazi. Ubaya ni bei yake, na kwenye baadhi ya magari ukishaifunga inahitaji kusetiwa kwa mashine. Kama gari lako lina kamera nne zinazoonyesha kutoka juu, hapo sina ushauri wa nyumbani, kila kamera lazima ipangwe sawa na nyingine, mpelekee fundi mwenye kifaa. Na gari likiwa bado kwenye waranti usifungue kitu, warudishie wenyewe.

Ya kawaida inafaa kwa redio zilizowekwa baadaye, na inakubalika kabisa, ila angalia mambo mawili kabla hujalipa. La kwanza ni aina ya picha. Redio za zamani zinapokea picha ya analogi ya kawaida tu, wakati kamera nyingi mpya ni AHD (analogi ya picha kali zaidi) za 720 au 1080, na ukifunga AHD kwenye redio isiyoijua unapata bluu au picha iliyovurugika, halafu unairudisha kamera ukidhani ni mbovu. Baadhi ya redio zina mahali pa kuchagua kwenye mipangilio, ingia huko kwanza. Hata ndani ya analogi ya kawaida kuna mifumo miwili ya picha, NTSC na PAL, kamera na redio zisipoelewana unaweza kupata picha nyeusi na nyeupe au inayopanda na kushuka.

La pili ni namba ya kuzuia maji. IP67 maana yake inavumilia kuzamishwa mita 1 kwa dakika 30, IP69K maana yake inavumilia maji ya moto ya presha kubwa. Kama unaosha gari kwa mashine ya presha, hiyo ya pili ndo yako, kwa sababu kuzamishwa na kupigwa presha ni mitihani tofauti na kufaulu mmoja hakumaanishi kufaulu mwingine.

Ya waya au isiyo na waya

Isiyo na waya inawavutia watu kwa sababu hawataki kufungua plastiki za gari. Naelewa. Ila ujue bado inahitaji moto kule nyuma, kwa hiyo ule waya mwekundu wa kwenye mlango uliokatika utaikatia umeme hii pia. Kinachoondoka ni waya wa picha tu. Nyingi zinatumia masafa ya 2.4 GHz ambayo yamejaa Wi-Fi na bluetooth, na zile za bei rahisi za analogi zinaleta chenga, au hata zinadaka picha ya kamera ya gari jingine. Za kidijitali ni bora zaidi. Zile zinazotuma picha kwenye simu mimi sizipendi kwa kazi ya kurudi nyuma, simu lazima ifunguliwe, iungane, programu ifunguke, na picha inachelewa. Marekani, ambako tangu Mei 2018 magari madogo mapya yote lazima yawe na kamera ya nyuma, sheria inataka picha itokee ndani ya sekunde 2 baada ya kuingiza rivasi. Tumia kipimo hicho hicho nyumbani kwako, hesabu moja, mbili, kama picha haijaja usiitegemee.

Kwa gari dogo chagua ya waya. Unalipa kwa jasho la saa chache, halafu unasahau. Kwa lori lenye tela, au tela linalochomolewa kila mara, isiyo na waya ya kidijitali inaeleweka kwa sababu waya wa picha kwenye kiungo cha tela hauishi kukatika.

Wakati wa kupitisha waya, pita chini kwenye vizingiti vya milango na sio kwenye nguzo za pembeni za juu, kwa sababu kule kwenye magari mengi kuna mifuko ya hewa ya pazia (airbag zinazoshuka madirishani gari likigongwa). Ukilazimika kupita karibu nayo, toa hasi ya betri na usubiri dakika kadhaa kwanza, na waya usikatize mbele ya mfuko.

Kuhusu moto usiotulia nitasema kwa kifupi. Kuna vichujio vidogo vya kuunga kwenye waya wa moto na kuna rilei, yaani swichi inayowashwa na umeme. Kichujio ni rahisi kufunga na kinatosha kwa magari mengi yenye tatizo hilo. Rilei inachukua moto wake safi kwenye fyuzi na kutumia taa ya rivasi kama kiamsho tu, ni kazi zaidi ila inatulia kabisa, isipokuwa moto wa taa ukiwa unakatikakatika sana rilei inaweza kugongagonga, hapo unaweka kichujio upande wa kuiamsha. Anza na kichujio. Vyovyote utakavyofanya, weka fyuzi ndogo ya ampia 1 au 2 kwenye waya wa moto, kamera haivuti hata nusu ampia.

Usikaze nati ya kamera mpaka umefanya hili la mwisho. Weka ndoo mita 1 nyuma ya bampa, katikati, na vitu viwili vyovyote pembeni kwenye upana wa gari. Ingiza rivasi ukiwa umekaa kwenye kiti chako cha kawaida. Ukingo wa bampa uonekane kidogo chini ya picha, na ndoo ionekane nzima mpaka chini inapogusa ardhi. Ukiona nusu ya skrini ni mbingu, inamisha kamera chini. Angalia mstari mwekundu unaangukia wapi ukilinganisha na ndoo, maana kwa kamera za kawaida mistari imechorwa tu na haijui urefu wa gari lako, upime wewe. Rudia usiku, taa za rivasi zikiwa ndo mwanga pekee, na ikiwa bado unaiona ndoo, kaza nati.